Sketi Iliyotundikwa Ndani Nje

Mara ya kwanza Onruean kuiona ile sketi ndani ya kioo, alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya walinzi na wanafunzi waliopangwa mstari, hata mwalimu wao akamkata jicho. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Makumbusho makubwa vile, katikati ya jiji la Chiang Mai, yenye sakafu ya kujitazamia na baridi ya mashine, yametundika sketi ya mwanamke ndani nje, na watu wazima wanapanga foleni kuipiga picha.

Kicheko kilikatika aliposogea karibu. Kwenye pindo la nakshi, juu kidogo ya mstari mwekundu wa chini, palikuwa na tundu la kuungua, dogo kama punje ya mchele. Tundu hilo alilitoboa yeye mwenyewe kwa kijiti cha ubani akiwa na miaka sita, siku ya sikukuu, amekaa hekaluni nyuma ya mama yake. Mama alimfinya paja bila hata kugeuka, na sala ikaendelea. Sketi ilikuwa ya mama, Kaewma, na ilitoka nyumbani mwaka wa mafuriko, ilipobadilishwa kwa mabati ya paa. Sasa Onruean ana miaka hamsini na sita, ana kitanda chake cha kufumia na wanawake anaowafundisha, na mama ni majivu tangu miaka kumi na moja iliyopita.

Chini ya kioo palikuwa na kibao: *Sketi yenye pindo la nakshi. Bonde la Mae Chaem. Mfumaji hajulikani.*

"Hajulikani na nani?" Onruean alikiuliza kibao.

Kibao hakikujibu, naye akakata shauri papo hapo kwamba hatatulia mpaka jina la mama yake lisomeke pale. Wanaomfahamu Onruean wanajua kwamba akishakata shauri, ni heri ubishane na mlima.

Nje, kwenye maegesho, Chanwipha alikuwa ameegemea pikapu yake akila wali wa kunata kwa pilipili za kuchoma. Huyu alikuwa jirani wa Onruean tangu wanatambaa, nyumba zao zikitazamana, na kila Alhamisi alishuka mjini kupeleka soseji za nguruwe kwenye hoteli. Onruean alipanda naye bure na malipo yake yalikuwa kumsikiliza.

"Haya, umeona vitu vya wafu? Twende, soseji hazina subira."

"Sketi ya mama imo humo. Imewekwa kwenye kioo."

"Ya mama yangu mimi iliishia kupangusia mashine ya nyama," alisema Chanwipha, akalamba kidole. "Shoga, panda gari."

Mama yake Chanwipha aliitwa Sida. Naye alikuwa mfumaji, na alifumia chini ya nyumba ya akina Onruean, kitanda chake kando ya kitanda cha Kaewma, wanawake wawili wakipokezana umbea kuanzia jogoo la kwanza. Alifuma mpaka macho yakamfia. Chanwipha alikataa kujifunza hata fundo moja, na mpaka leo ukimtajia kufuma hutema mate pembeni. "Alifuma mpaka akawa kipofu," husema, "na nani anamjua?"

Alhamisi iliyofuata Onruean alirudi, safari hii akaomba kuonana na mwenye nguo. Akaletewa Bwana Pharadon, mtaalamu wa nguo wa makumbusho, kijana wa Bangkok mwenye miwani na adabu nyingi. Alikutanisha viganja kumwamkia, akamkaribisha kiti, akamwagizia maji. Onruean akamweleza kuhusu tundu na kijiti cha ubani.

"Nakuamini, Mama," alisema Pharadon. "Lakini tundu linaonekana na kila anayepita. Na tuseme mama yako aliivaa. Kuvaa si kufuma."

"Alisema ni yake."

"Ndiyo, Mama. Hata mimi shati hili ni langu."

Onruean alilitazama lile shati kama analipangia moto. "Mwanangu, bonde zima linajua mikono ya mama yangu. Watu walikuwa wanashuka milimani kuja kuitazama sketi ile. Na ninyi mmeitundika ndani nje."

Pharadon alitabasamu, tena kwa huruma, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaeleza kwa upole: upande mmoja wa nguo ulikuwa umefifia kabisa, mwingine ulikuwa mpya. Jua na maji hufifisha upande wa nje. Kwa hiyo uliofifia ndio wa nje, na ndio waliouonyesha. Walikuwa wamepima rangi kwa mashine.

"Umeona vizuri, ila umeelewa vibaya," alisema Onruean.

"Tutalishughulikia, Mama."

Tutalishughulikia! Neno hilo katika ofisi yoyote duniani maana yake ni kwaheri. Onruean alisimama, akakutanisha viganja, akaaga vizuri. Alhamisi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena.

Siku ambazo Pharadon alikuwa mkutanini, naye alikuwa mkutanini mara nyingi ajabu, Onruean alimngoja akizunguka kumbi. Alijifunza makumbusho yote kama mtu anavyojifunza jiko la mkwewe. Aliona sanamu za Buddha zenye uso mviringo wa kale, masanduku ya laki, ile rangi ya utomvu ing'aayo, ya kuwekea vitabu vya hekalu, bakuli za udongo zenye samaki waliochorwa wakifukuzana, mapambo ya fedha, panga, matandiko ya tembo. Akasoma kila kibao. Watawala waliopewa zawadi walikuwa na majina, tena marefu, yenye kujaza mstari mzima. Matajiri walioyatoa makusanyo yao walikuwa na majina. Aliyefinyanga, hajulikani. Aliyechonga, hajulikani. Aliyepaka laki mara ishirini akingoja kila mara ikauke, hajulikani. Alipofika ukumbi wa mwisho alikuwa amekasirika kwa niaba ya watu wa miaka mia sita.

"Yaani unakasirikia wafinyanzi waliokufa kabla ya bibi wa bibi yako?" Chanwipha alimuuliza njiani, gari likikata kona za mlima Inthanon. "Wewe una nafasi moyoni."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Utainama mpaka mgongo ugome. Na kile kijana kitakupiga chenga mpaka kistaafu."

Mwezi wa tatu, Onruean alibadili mbinu. Alimvizia Pharadon pale kwenye meza ya mapokezi, mahali pasipo na mlango wa kujifichia, saa nne asubuhi, watu wamejaa.

"Mwanangu, tazama sketi yangu."

Masikio ya Pharadon yaligeuka rangi. Kijana mwenye malezi hapewi amri ya kutazama pindo la mwanamke wa umri wa mama yake hadharani. Akatupia jicho haraka, akalirudisha darini.

"Tazama vizuri. Hii nimeifuma mimi. Upande unaouona ni wa nje au wa ndani?"

Aliinama kidogo. Utaalamu ulimshinda aibu. "Ni wa nje, Mama. Kazi safi sana. Hakuna hata fundo linaloonekana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Nisubiri hapahapa. Usiende mkutanini."

Akaingia msalani. Pharadon akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono. Msichana wa mapokezi alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Onruean alipotoka, sketi ilikuwa ileile na haikuwa ileile. Pindo lilikuwa linawaka. Njano ilikuwa njano ya kweli, wekundu ulikuwa wekundu wa pilipili mbivu, na ndege wadogo wa nakshi walikuwa wamesimama wazi wakinywa maji, wawiliwawili, kila jozi kwenye bakuli moja. Watalii wawili walisogea kuangalia.

"Huu ndio wa nje," alisema Onruean. "Ule wa mwanzo ni wa ndani. Kwetu tunafuma uso wa nguo ukiwa chini, hatuuoni, tunauchokonoa kwa mwiba wa nungunungu na kuuchungulia kwa kioo. Kwa hiyo nyuma lazima kuwe safi, maana nyuma ndiko tunakokutazama mwaka mzima. Sasa niambie, mwanangu, wewe viatu vyako vya harusi unavilimia?"

"Hapana, Mama."

"Na sisi upande mzuri hatuulimii. Siku ya kazi tunavaa ndani nje. Siku ya hekalu tunageuza. Uliofifia ndio wa shambani. Mmeionyesha dunia nguo ya mama yangu ya kuchimbia vitunguu."

"Hata bibi yangu!" Msichana wa mapokezi alishindwa kujizuia. "Bibi yangu alikuwa hivyohivyo! Nilidhani ni uzee."

Pharadon alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Miaka minne ile sketi ilikuwa kwenye kioo. Vitabu viwili vilikuwa na picha yake. Lazima tumpe haki yake kijana huyu: wapo ambao wangeita walinzi. Yeye alikutanisha viganja, akainama mpaka vidole vikagusa paji la uso.

"Maji nimeyavulia nguo," alisema, kisha masikio yakamgeuka rangi tena alipojisikia alichosema. "Nitaandika barua leo."

Barua ilichukua miezi minne. Ilibidi kamati ikae, kisha ikae tena kujadili kikao cha kwanza. Sketi ilikuwa imeshonewa ubao wenye kitambaa, na kuifumua ni kazi ya wataalamu. Kamati ikauliza: hata ikigeuzwa, jina la mfumaji litathibitishwaje? Onruean akajibu kwamba upande wa nje kuna alama. Alama gani? Hapo alifunga mdomo. Alama ya mfumaji haitangazwi, alisema. Igeuzwe kwanza, ataionyesha kwa kidole.

Ukweli ni kwamba kila mfumaji wa njia yao kijijini alikuwa na namna yake. Ndege wote wa pindo ni wa njano na bakuli zote ni za njano, mzunguko mzima, isipokuwa sehemu moja tu ambapo mfumaji hubadili uzi akajiacha humo. Kaewma alimfuma ndege mmoja wa kushoto kwa kijani. Mwingine alibadili bakuli, mwingine alifanya wekundu machoni, mmoja alimgeuza ndege shingo kwa sababu alikuwa mkorofi hata kwa uzi. Kwenye upande uliofifia, njano na kijani na kila kitu vilikuwa vimekuwa rangi moja ya chai. Onruean aliwahi kubandika pua kwenye kioo mpaka mlinzi akamwomba asogee, na hakuona kitu. Hakujali. Alijua kilichokuwa upande wa pili.

Alhamisi ya mwezi wa saba aliitwa. Alivaa upande wa nje, kama anayekwenda hekaluni. Chanwipha aligoma kubaki garini, akasema jua ni kali, lakini Onruean alimjua: alitaka kuona. Walivua viatu mlangoni wakaingia chumba cha kazi nyuma ya makumbusho, cheupe kama hospitali, chenye meza ndefu katikati. Chanwipha akatafuta kiti ukutani, akaanza kujipepea kwa karatasi ya matangazo.

Wasichana wawili wenye glavu walikata mishono mmojammoja. Kisha wakaigeuza sketi, taratibu, kama wanavyomgeuza mgonjwa.

"Looo," alisema mmoja wao bila kukusudia.

Ilikuwa kama imetoka kwenye kitanda cha kufumia asubuhi ile. Onruean alihisi machozi yanapanda akayarudisha, maana alihitaji macho. Akavaa miwani, akaanza kwenye mshono, akawafuata ndege. Jozi ya kwanza, njano. Ya pili, njano. Akaenda nao polepole mpaka akarudi alipoanzia, na hakukuwa na ndege wa kijani.

Hakuamini. Akaanza upya kwa kidole, akikishika hewani unywele mmoja juu ya nguo. Jozi ya kumi na nne ilimsimamisha. Ndege wote wawili walikuwa wa njano. Bakuli lao lilikuwa la zambarau.

Katika njia yao yote ni mwanamke mmoja tu aliyebadili bakuli. Alikuwa akiketi chini ya nyumba yao kila siku na mto wake wa kukalia, akimwita Onruean "panya wangu" na kumpa ncha za nyuzi achezee. Sida.

Onruean alibaki ameinama. Kwanza alihisi aibu, ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Miezi saba! Miezi saba amewatoa watu kijasho kwa jina la mama yake. Kisha hasira, kwa mama, hasira ya kitoto kabisa. Ulinidanganya. Lakini alipoitafuta siku aliyodanganywa hakuipata. Mama hakuwahi kusema "nimeifuma." Alisema "ni yangu." Watu waliposifu, Kaewma alifunika mdomo kwa kiganja na kucheka, nao wakaona ni unyenyekevu. Na kweli, Onruean aliwahi kusikia kwamba mama yake aliugua vibaya baada ya kumzaa, mikono ikawa inatetemeka mwaka mzima, hawezi kushika hata mwiba. Mwanamke asingekwenda kumshukuru Buddha kwa mtoto akiwa na pindo tupu. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda rafiki alimfumia rafiki na wakakubaliana wasiseme. Waliojua walikuwa wamechomwa wote wawili, na moshi wao haukuacha maelezo.

Alimpenda mama yake. Alimpenda pale pale, ameinama juu ya meza, hata zaidi ya alivyokuwa akimpenda saa moja kabla, na akatamani sana kusema uongo.

Ungekuwa uongo mdogo. Alama hajaitaja kwa mtu. Angegusa bakuli, aseme "hii hapa, ya mama," na Pharadon angeandika. Bonde zima lingefurahi. Hakuna mwingine mle chumbani aliyeweza kuisoma.

"Umeipata, Mama?" Pharadon aliuliza. Alikuwa na fomu mkononi, kalamu imeshafunguliwa.

"Nimeipata."

"Ni ya mama yako?"

"Mjibu basi!" Chanwipha aliita kutoka ukutani. "Miezi saba unanitoboa masikio, Kaewma hivi, Kaewma vile. Leo unaulizwa umegeuka bubu. Sema tuondoke, soseji zinaoza."

Onruean alinyoosha mgongo. Ulimuuma. Alikuwa ameapa kwamba asiyejulikana atajulikana, na hakuwa ameapa kwamba ni mpaka awe ndugu yake.

"Andika Sida," alisema.

Pharadon alisita. "Mama yako si Kaewma?"

"Mama yangu ni Kaewma. Aliivaa. Aliyeifuma ni Sida, wa kijijini kwetu, Ban Na Hong. Bakuli hili la zambarau ndiyo alama yake. Nendeni mkaulize wazee kama Sida alikuwa akibadili bakuli, watawaambia. Mimi nitatia sahihi kuwa shahidi."

"Naweza kuomba nafasi ya jina la aliyevaa..."

"Kibao kina mistari mitatu, nimekisoma mara nyingi kuliko wewe. Usikibane. Andika aliyefuma."

Karatasi ya kujipepea ilikuwa imesimama. "Sida yupi?" aliuliza Chanwipha.

"Unawajua Sida wangapi?"

"Usinitanie, Onruean. Kwa hilo usinitanie."

"Njoo uone."

Chanwipha alikuja. Alitembea miguu mitupu kwenye sakafu nyeupe kana kwamba ina miiba, akasimama mezani, na Onruean akamwonyesha bakuli. Chanwipha akaliinamia. Mwanamke huyu hanyamazi hata akitafuna, na sasa chumba kizima kilisikia mashine ya baridi.

"Kitanda chake cha kufumia nilikichoma," alisema hatimaye. "Alipokufa. Nilikikata vipande nikakaushia soseji. Nikawaambia watu ule mti una moshi mzuri."

"Najua," alisema Onruean. "Nilikula hizo soseji."

Chanwipha alitoa sauti iliyoanza kama kicheko. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakapita katikati ya vidole, mengi, bila mpango. Wasichana wa glavu waliitazama sakafu. Onruean hakumshika bega wala hakumwambia anyamaze. Alisogeza tu kile kitambaa mbali kidogo na machozi, kwa sababu mfumaji ni mfumaji.

Pharadon alikohoa. "Samahani. Sida naliandikaje? Kuna namna mbili."

Chanwipha alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akavuta pumzi, akamnyooshea kiganja.

"Lete hiyo kalamu," alisema. "Mama hakujua kuandika. Nitaliandika mimi."